Nilichosema kwa Maikrofoni

Machi 8

Tumerudi jana kutoka kijijini kwetu Kathiani, matope mpaka magotini. Kitonga wangu tumemlaza karibu na babu yake. Leo binti yangu Mumo amenipa daftari akasema, "Mathe, andika. Ukiendelea kuongea na sufuria watu watasema umeruka akili." Mumo ana miaka kumi na tisa na hakuna kitu hajui. Haya, naandika.

Naitwa Kamene, lakini hapa ploti yetu ya kupanga, Eastlands, ni Mama Kitonga, na nadhani nitabaki Mama Kitonga hata kama mwenyewe hayupo. Napika chapati na ndengu kibandani, nyuma ya ukuta wa stejini. Kitonga alikuwa akifanya kibarua kiwandani upande wa Mukuru kwa Njenga na kurudi kwa miguu kila jioni. Jioni ile mtu alipiga kelele "mwizi!", Kitonga akaonekana akikimbia, wakamshika, wakamuua kwa mawe. Mvua ya kwanza ya mwaka ilikuwa inaanza. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta nakanda unga. Nilisikia zile kelele nikasema, "Haya, leo wamempata," nikaendelea kukanda.

Sijui mtu anaandika nini baada ya hapo.

Niandike ya mazishi. Kwetu mzazi hupewa maikrofoni mwishomwisho, kabla jeneza halijashushwa, na kila mtu anajua atakachosema. Anasema tumesamehe, tumemwachia Mungu. Usiposema hivyo chakula hakimshuki mtu. Basi na mimi nikasema: waliomuua mwanangu, nimewasamehe wote. Na nilimaanisha, kwa sababu siku hiyo sikuwa na nguvu hata ya kumchukia nzi. Watu wakapiga makofi. Khavere, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya kanisa, akaanzisha wimbo. Lydiah, Mama Wahome, jirani yangu ukuta kwa ukuta, alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Tangu siku ya kwanza ya matanga yeye ndiye alikuwa jikoni, sufuria zote kubwa ni zake, na kuni akaleta. Mungu ambariki huyo mwanamke.

Machi 10

Mvua. Nimefungua kibanda. Watu wananunua bila kuniangalia usoni.

Machi 13

Mama Wahome ameniletea uji wa wimbi, kama kila asubuhi. Ameomba simu yangu ampigie dadake Nyeri. Yake anasema ilitumbukia kwa karai la nguo. Nimemwambia aiweke ndani ya mchele, itakauka. Akashughulika na kifuniko cha chupa.

Machi 17

Leo hata herufi zangu sizijui.

Nilienda kituoni kuuliza kesi imefika wapi. Faili iko kwa Afande Omolo, kijana mpole ambaye siku ile ya mochari alinishikia mkoba. Akaniambia, "Mama, keti."

"Nimeketi vya kutosha. Niambie."

"Mashahidi wamejitoa. Wote. Na yule Mureithi wa mkokoteni tuliyekuwa tumemshika, imebidi tumwachilie."

Nikamuuliza wamejitoa kwa nini, wametishwa na nani. Omolo akasugua paji la uso. "Wanasema wewe mwenyewe ulifunga kesi. Ulisamehe mbele ya padri na watu wote. Wanauliza wao ni nani wapinge neno la mama mzazi." Kisha akatoa simu yake akanionyesha. Nilikuwa mimi pale, na leso yangu ya kijani, nimeshika maikrofoni, nikisema nimewasamehe wote. Na yale makofi. Kumbe makofi yote yale walikuwa wakishusha mzigo! Ngai, Mungu wangu! Nilijitazama kwa simu ya polisi nikatamani kuingia ndani nijizibe mdomo.

"Mwezi wa tano kuna kikao mahakamani Makadara," akasema, "uchunguzi wa kifo. Hakimu atataka kujua alikufaje. Kusipokuwa na shahidi, itabaki vile ilivyoandikwa."

"Na imeandikwaje?"

Hakutaka kunisomea. Alizungusha karatasi nikasoma mwenyewe. *Mshukiwa wa wizi, aliuawa na umati.*

Mshukiwa wa wizi. Kitonga ambaye aliwahi kurudi mpaka soko la Burma kwa miguu kurudisha kisu cha mchinjaji kilichoingia kwa mfuko wetu kimakosa. Nimetembea kutoka kituoni mpaka nyumbani na mvua yote ikaniishia mwilini. Mumo ananiuliza kuna nini. Nimemwandikia hapa asome.

Machi 21

Jumuiya leo ilikuwa nyumbani kwa Khavere. Baada ya maombi nikasimama nikawaambia: mimi nimesamehe, sijafunga kesi. Aliyeona aende akaseme alichoona.

Mtoto wa mtu akakohoa.

Khavere akaweka biblia chini. "Mama Kitonga, msamaha si sufuria, ati umpe mtu leo na kesho umwambie arudishe."

"Sijasema arudishe. Nimesema wenye macho waseme."

"Hicho ni kisasi, dadangu."

"Kisasi ningetaka, nina mwiko wa chuma, na Mureithi najua anapolala."

Hapo nilikosea, wakaguna wote. Nikamtazama Mama Wahome, nikajua huyu atanitetea, si anaijua tabia ya Kitonga tangu akiwa na kamasi? Akasema kwa sauti ndogo, macho chini, "Mwachie Mungu tu, Mama Kitonga." Nimeumia kwa hilo kuliko kwa Khavere.

Machi 25

Mvua. Mtaro umefurika mpaka mlango wa choo.

Machi 26

Mvua.

Machi 30

Sasa mimi ndiye mbaya. Nasikia wanasema "amegeuka". Wateja wangu wamehamia kwa yule wa mihogo. Tumekula chapati sisi wenyewe mchana na usiku, Mumo anasema akiona ndengu tena atapiga mtu.

Uji wa Mama Wahome bado unakuja. Anauweka mlangoni, anabisha, anaenda.

Aprili 4

Mumo amekuwa akitembea chumbani kama mtu anayeumwa jino. Jioni akasimama ghafla.

"Mathe, nani aliibiwa?"

"Nini?"

"Watu walipiga mwizi. Sawa. Nani aliibiwa? Aliibiwa nini? Mbona tangu siku hiyo hakuna mtu hata mmoja amesema, 'ni mimi niliibiwa'? Mtu akiibiwa hapa Eastlands si tunaskia hiyo stori mwaka mzima?"

Mwezi mzima nimelia, nimeomba, nimegombana na kanisa, na swali hilo halijanipitia kichwani. Nilikuwa nawaza waliorusha tu. Mtu wa kwanza kufungua mdomo sikumuwaza.

Aprili 11

Niandike polepole, nisiruke kitu.

Alasiri, mvua ya rasharasha, Mureithi amekuja kibandani. Mwenyewe, miguu yake. Ni yule kijana wa mkokoteni anayewabebea wachinjaji wa Burma mizigo. Mumo alipomwona akashika mti wa kusukumia chapati. Nikamwambia weka chini. Hakuweka.

"Mathe," Mureithi akasema, "naomba kuongea."

"Ongea."

"Nilirusha. Jiwe moja. Hayo mengine si yangu, lakini moja ni langu."

"Lilimpata wapi?"

"Kichwani."

Chapati ilikuwa ikiungua na hakuna aliyeigeuza. Akaendelea, maneno yakitoka kama mtu anayetapika. Kwamba aliposikia nimesamehe alijua yuko huru, akanunua soda. Kwamba tangu siku hiyo halali. Kwamba amekuja kwa sababu ananiona nikipita stejini peke yangu na watu wananikwepa, na anajua makosa ni yake.

Nikauliza, "Alisema kitu? Kitonga?"

"Alisema, 'Si mimi, nilikuwa namfuata.'" Akajifuta uso. "Wote husema hivyo, mathe."

Mumo akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu.

Alikuwa anamfuata. Mwanangu alikuwa anamkimbiza mwizi! Woi, Kitonga, nani alikutuma?

"Lakini sikumshika ovyo," Mureithi akasema. "Niliuliza kwanza. Nilimshika shingo nikauliza kwa nguvu, 'Ni huyu, mathe?' Yeye akiwa pale chini ya mabati ya kioski akajibu, 'Ndiye! Ndiye!' Ndio nikarusha."

"Yeye nani?"

"Aliyenyang'anywa simu."

"Nani, Mureithi?"

Akanitazama kama mtu anayedhani anachezewa. "Mama Wahome. Kwani… mathe, nilidhani unajua. Si yeye ndiye alipika matangani?"

Aprili 12

Nilingoja kukuche. Nilimsikia Mama Wahome upande wa pili wa ukuta akiamka, akiwasha jiko, akikoroga uji. Uji wangu.

Alipotoka na ndoo zake kwenda mferejini nikamfuata. Foleni ilikuwa ya watu kama sita hivi, sikujali. Nikamwambia, "Lydiah." Sijawahi kumwita jina lake tangu tujuane. Aligeuka, na kabla sijasema neno lingine uso wake ukajibu. Akaweka ndoo chini taratibu.

"Simu yako haikuingia kwa karai," nikasema.

"Haikuingia."

"Ulisema ndiye."

"Nilisema."

"Ulimwangalia?"

Akatikisa kichwa. Alisema alikuwa na hasira ya simu, na maji ya mvua machoni. Aliona mgongo wa mtu ukipita mbio, kisha mgongo mwingine, hata hakufikiria kwa nini walikuwa wawili. Wakamuuliza, akasema ndiye. Kisha akageuka akaenda zake nyumbani. "Unajua mimi sipendi kuona mtu akipigwa," akaniambia. Haki ya Mungu, alisema hivyo, na nadhani hakujisikia.

"Ulijua lini?"

"Kutoka kwako. Nilikuwa napika chai. Ulipiga yowe pale ukutani, nikaja mbio, ukaniambia, 'Wameua Kitonga.' Nilijua hapo, mikono yangu ikiwa mabegani mwako."

Sikumpiga. Niandike hilo, kwa sababu watu wameshasema nilimpiga. Niliinua ndoo yake nikaimwaga. Nikainua ya pili nikaimwaga. Nikachukua hata ule mtungi mdogo ambao ni wa mtu mwingine kabisa nikaumwaga. Yeye amesimama tu, maji yanampita miguuni, na foleni nzima imeganda.

"Lakini ulisamehe," akasema. Hakuwa akinibishia. Alikuwa akiomba. "Mama Kitonga, ulisema wote."

"Nilimsamehe mtu nisiyemjua," nikamwambia. "Wewe nakujua."

Aprili 13

Hakuna uji leo.

Aprili 14

Mvua. Nasikia akikohoa upande wa pili. Miaka yote hii ukuta huu ulikuwa mwembamba hivi?

Aprili 17

Kitu kinachonishangaza: nimeukosa ule uji. Nimejikasirikia asubuhi nzima.

Aprili 22

Khavere ameleta Mama Wahome kibandani, amemshika mkono kama bibi harusi. Amekonda, leso imemzunguka mara mbili. Khavere akasema jumuiya haiwezi kuendelea hivi, watu wanakaa pande mbili za chumba. Tushikane mikono, tusali, yaishe.

Nikapangusa unga, nikampa mkono. Wake ulikuwa baridi. Khavere akafurahi akaanza "Baba Yetu" papo hapo, nikamwambia ngoja kwanza, sijamaliza.

"Lydiah, sikia. Kilicho changu nimekuachia. Uchungu wangu, usingizi wangu, hivyo ni vyangu kutoa na natoa, ingawa leo natoa kwa kuuma meno. Lakini jina la Kitonga si langu. Kule Makadara limeandikwa mwizi. Siwezi kugawa kitu cha mtu na mwenyewe hayupo."

"Kwa hivyo unataka afungwe?" Khavere akaruka.

"Nataka aseme alichosema na alichoona. Hayo mengine ni ya hakimu."

"Sasa huo ni msamaha gani?"

"Ndio ninao, Khavere. Kama kuna mwingine, wewe mpe."

Mama Wahome alishikilia mkono wangu kupita kiasi, mpaka ikabidi niutoe, mafuta yalikuwa yanaungua.

Mei 2

Mvua ya usiku kucha. Maji yameingia ploti yote, nyumba yake zaidi kwa sababu iko chini. Nimepitisha ndoo, yeye anachota, mimi namwaga, Wahome mwanawe anabeba godoro. Mumo amenuna, anasema ningemwacha aogelee.

Mei 9

Ninakata tamaa. Omolo anasema hakuna aliyerudi kuandikisha taarifa. Mureithi amesema atakuja, lakini ni neno lake yeye mwenye jiwe. Hakimu atauliza nani alisema Kitonga hakuiba, nami nitasema ni mimi mamake. Mama gani husema mwanawe ni mwizi?

Mei 15

Makadara. Nimeingia na Mumo mapema, viatu mkononi mpaka mlangoni. Hakimu ni mama wa miwani, anaandika bila kuinua kichwa. Niliitwa kwanza. Nilisema nilichojua, na nilijisikia jinsi kilivyo kidogo. Mureithi akaitwa, akasema la jiwe lake. Hakimu akamuuliza huyo mwanamke unayesema alikujibu yuko wapi. Mureithi akatazama nyuma. Na mimi nikatazama. Hakuwepo.

Basi, nikajua ndio hivyo. Mumo alinifinya mkono hadi kucha zikaingia.

Mlango ukalia. Mama Wahome akaingia, amelowa chapachapa, amevaa ile suti yake ya Pasaka, Wahome nyuma yake akimvuta mkono wa koti kumrudisha. Akaenda mbele bila kuitwa. Hakimu alimwonya kwamba anachosema kinaweza kumrudia mwenyewe, na kwamba anaweza kupata wakili kwanza. Akasema, "Nimeelewa, mheshimiwa. Nimekaa nacho muda mrefu."

Akasema yote. Simu. Migongo miwili. Mabati ya kioski. "Wa kwanza ndiye aliyenipora. Wa pili alikuwa mtoto wa jirani yangu, na alikuwa akimfukuza kwa ajili yangu, bila shaka kwa sababu alitambua sauti yangu. Waliniuliza ni huyu, nikasema ndiye. Kitonga hakuiba kitu. Hajawahi."

"Na aliyekuuliza yuko hapa?"

Akageuka. Safari hii alimtazama Mureithi usoni, akamtazama sana, mpaka mtu akasogeza kiti. Kisha akasema, "Ndiye."

Hakimu alisema maneno yale, mshukiwa wa wizi, hayana msingi, yaondolewe. Nilisikia vizuri kabisa. Nilikuwa nimengoja neno hilo mvua yote hii na nilidhani litakapokuja nitapiga vigelegele. Lakini hakimu hakunyamaza. Akaendelea, kwa sauti ileile, kwamba Mureithi na Lydiah washikiliwe, faili ipelekwe kwa mwendesha mashtaka. Na askari wa kike akamshika Mama Wahome kiwiko.

Mimi mwenyewe nilisema hayo mengine ni ya hakimu! Nilikuwa nadhani nini, watampa chai? Wahome alinitazama mimi, hakumtazama askari. Mama Wahome alipopita karibu nami akasema haraka, kama mtu anayekumbuka kitu jikoni, "Ufunguo uko kwa dirisha, unimwagilie sukuma wiki yangu." Askari akampeleka.

Mei 16

Mvua imekatika. Mchana kutwa watu wamepita kibandani kuniuliza, "Si ulisema umesamehe?" Khavere amepita bila kunisalimia. Mumo anasema tumeshinda. Nimemwambia anyamaze, kisha nikalia, kisha yeye akalia.

Sukuma nimemwagilia.

Mei 17

Nimeamka nikapika chapati nne, laini, na ndengu isiyo na pilipili kwa sababu tumbo lake halitaki pilipili. Mumo alisimama mlangoni.

"Hiyo ni ya nani?"

"Unajua ni ya nani."

"Mathe, aki wewe…"

"Nipishe."

Kituoni kulikuwa na askari msichana mezani. Akauliza nimekuja kumwona nani, nikamwambia. Akauliza mimi ni nani wake.

"Jirani."

"Jina?"

"Kamene. Mama Kitonga."

Kalamu ikasimama. Akaniinulia macho. "Kitonga yule wa faili?"

"Ndiye," nikasema.

Akanitazama, akatazama bakuli, akatazama tena. Nadhani alifikiri nimetia sumu. Ilibidi nimege kipande nile mbele yake, ndipo akanifungulia mlango wa kule nyuma.

Mama Wahome aliletwa kwenye vyuma, suti ya Pasaka imekunjamana, miguu mitupu. Aliponiona alishika chuma kwa mikono miwili na macho yake yakawaka, nikaona tumaini humo ndani likiinuka, na liliniuma kuliko jiwe.

"Umekuja kunitoa?"

"La, sijakuja kukutoa," nikamwambia. "Wakiniita tena nitasema yaleyale."

Akainamisha kichwa. Nikafunua bakuli, nikalipitisha chini ya chuma.

"Nimekuletea chakula. Kula, zinapoa."

Alikula amesimama, machozi yakiingia kwa ndengu, wala sikumwambia anyamaze. Nikangoja pale mpaka amalize, kwa sababu kesho nitalihitaji tena hilo bakuli.